Mdogo Wangu Hafuati Hesabu

Mdogo wangu alipotuambia kwamba anataka kujifunza karate, mama alidhani nimetafsiri vibaya. Tulikuwa mezani nyumbani kwetu Katuba, Lubumbashi, tumemaliza bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo, na mdogo wangu alikuwa amesukuma sahani kando ili mikono yake ipate nafasi. Yeye hasikii. Homa kali ilimshika akiwa ndiyo kwanza anaanza kuunganisha maneno, na ilipomwachia ilikuwa imeondoka na masikio yake. Tangu hapo husema kwa mikono, na mimi, dada yake mkubwa, ndiye ninayeigeuza mikono hiyo kuwa maneno kwa watu wengine: kanisani, sokoni, kwa daktari, na kwa wateja wanaomletea vitambaa vya kushona.

"Umuulize tena," mama akasema.

Nikamwuliza tena. Akarudia, ngumi mbele, ngumi nyuma, na uso wa mtu asiyetania.

"Iko nasema karate, mama."

Mama akageuka kumtazama vizuri, kwanza mashavu, kisha mikono, kama anayetafuta alama. "Nani alimupiga?"

Mdogo wangu alilisoma swali hilo midomoni mwa mama kabla sijaanza kulitafsiri, akacheka. Hakuna aliyempiga. Alikuwa amepita karibu na ukumbi wa parokia akitoka kununua nyuzi, dirisha likiwa wazi, akaona watu waliovaa nguo nyeupe wakigeuka wote pamoja, bila mtu kumgusa mwenzake, kama kitambaa kimoja kinachokung'utwa. Alisimama pale mpaka walipomaliza. Alisema hajawahi kuona watu wengi wanaelewana vile bila kusema.

Mama ni mtu wa kaskazini. Aliletwa huku akiwa msichana, baba yake alipopata kazi ya reli, na kwao msichana hakufundishwa kukunja ngumi. Alikataa wiki ile yote. Alisema mtu asiyesikia anaweza kupigwa kutoka nyuma, kwamba watamcheka, kwamba mguu ukivunjika nani atakanyaga cherehani. Hatimaye mdogo wangu, ambaye alikuwa mwanamke mzima mwenye wateja wake na ufunguo wake, alikata kitambaa cheupe kigumu akajishonea mwenyewe nguo ya mazoezi, yenye mishono miwili kila mahali pa kuchanika. Mama alipoona mishono ile imenyooka namna gani, aliacha kubisha. Aliniambia mimi tu: "Utaenda naye. Usimuache peke yake na bale batu."

Ndivyo nilivyoingia katika ukumbi ule, nikitoka kazini kwenye duka la dawa mjini, na miguu ikiniuma.

Mwalimu, ambaye kila mtu alimwita Maître, alikuwa mtu mpana mwenye sauti iliyojaza ukumbi bila yeye kujitahidi. Mchana alifundisha jiografia katika shule moja, na jioni alikuja bado na chaki kwenye mkono wa shati. Nilipomweleza, alijikuna kidevu.

"Mama, niseme kweli," akaniambia. "Mie sijafundishaka muntu mwenye hasikie. Hapa bote banafuata sauti yangu."

"Mi nitakuwa sauti yako," nikasema. Nilijisikia vizuri nilipolisema lile neno.

Tulianza na kata ya kwanza. Kata ni mfululizo wa mapigo na kinga ambao mtu huufanya dhidi ya maadui asiowaona. Wanafunzi wote huufanya pamoja, mwalimu akihesabu kwa Kijapani, kila hesabu na tendo lake. Mimi nilikaa kwenye benchi kando, na mdogo wangu alisimama katikati ya safu ili awaone wenzake pande zote. Maître alipohesabu, miguu yote ilikwenda, kisha mguu wake. Ngumi zote zilitoka, kisha ngumi yake. Alikuwa nyuma yao kwa kiasi cha kupepesa jicho, kwa kuwa ilimbidi kwanza aone ndipo atende. Na katika kata watu hugeuka. Safu ilipogeukia ukuta wa nyuma, wale aliokuwa akiwatazama walibaki mgongoni mwake, naye alizungusha shingo kuwatafuta, kama mtu aliyepotezana na wenzake sokoni.

"Kichwa!" Maître alipaza sauti, kisha akakumbuka, akanigeukia. "Umuambie aache kutafuta bantu. Adui iko mbele yake, haiko kule nyuma. Akifanya vile, kata yake iko sawa kuku mwenye anasikia mvua."

Nikainua mikono yangu. Mdogo wangu alinitazama, jasho likimtiririka kwenye nyusi. Nikamwambia: Tazama mbele.

Hivyo ndivyo tulivyoendelea. Maître hakuwa mtu mbaya, lakini alisema kila alichokiona, chote kwa pamoja, kama anayemwaga kapu. Aliwaambia wengine hivyo hivyo, nao walicheka na kujirekebisha. Kuhusu mdogo wangu aliniambia kwamba mkono wake wa kinga ni kitambaa kilicholowana. Kwamba kiwiko kinaruka. Kwamba anakimbia kama anayetaka yaishe upesi, na anakimbia hivyo kwa sababu anaogopa kuonwa. Yote hayo yalifika kwenye benchi yangu na kuishia pale. Upande wa pili yalitoka maneno madogo, laini: kaza mkono kidogo, vizuri, punguza mwendo kidogo, vizuri. Nilikuwa nimefanya hivyo tangu utoto wetu. Mteja akilalamika kwamba gauni linabana, nilimwambia mdogo wangu kwamba mama huyu anapenda nguo pana. Sikuuona kuwa uongo. Niliuona kama kupoza chai kabla ya kumpa mtoto.

Wiki zilipita, na kata yake haikusogea. Wenzake walioanza pamoja naye walihamia kata ya pili. Kijana mmoja, fundi wa pikipiki, ambaye mwanzoni alikuwa hawezi kutofautisha kushoto na kulia, alimpita. Yeye alibaki pale pale, akikimbia, akizungusha shingo, akipokea kutoka kwangu neno lile lile: vizuri.

Jioni moja Maître alizungumza nami kwa muda mrefu juu yake, mkono wake ukichora hewani, na uso wake ulikuwa umechoka. Nilipogeuka, nilimwambia mdogo wangu: Anasema unaendelea vizuri, upunguze mwendo tu.

Alimtazama Maître. Akanitazama mimi. Akachukua mfuko wake.

Tukiwa njiani kurudi, mahali ambapo wamama huuza makaa kwa mafungu kando ya barabara, alisimama. Aliweka mfuko wake chini ili mikono yote miwili iwe huru, na nilijua kwamba tutagombana.

"Mdomo wake ulikuwa mrefu," akaniambia. "Mikono yako ilikuwa mifupi. Maneno mengine yalienda wapi?"

Nikamwambia hayakuwa ya maana.

"Nani alikwambia uchague?"

Nikamwambia Maître ana maneno makali, nilikuwa nayapoza kwanza asije akaumia.

"Mimi naona uso wake!" Mikono yake ilipigana yenyewe kwa yenyewe, na mama mmoja wa makaa akageuka kututazama. "Naona hajafurahi. Halafu wewe unasema vizuri. Najua kuna kitu kibaya, sijui ni kitu gani. Mshono ukipinda, naufumua. Sasa nitafumua nini? Kila siku unanipa vizuri. Nifanye nini na vizuri?"

Basi nikamwambia. Nilisimama pale kando ya magunia, nikamwambia yote niliyoweza kukumbuka, kuku na mvua, kitambaa kilicholowana, kiwiko, woga. Nilitafsiri polepole, neno baada ya neno. Nilitegemea alie. Nilipofika kwenye kitambaa kilicholowana, aliinua mkono wake wa kinga, akautazama, akauacha ulegee mbele yake, akaanza kucheka. Alicheka bila sauti, kama anavyocheka siku zote, mabega yakiruka. Kisha alinishika shingo na kuniegemeza kichwa begani, na tukasimama hivyo huku watu wakitupita.

"Kesho," akaniambia aliponiachia, "utakaa mbali."

Siku iliyofuata alikwenda mwenyewe kwa Maître kabla ya wengine kujipanga. Alinionyesha mimi kwa kidole kule kwenye benchi, akatikisa kichwa. Kisha akajionyesha macho yake mawili, akajigusa kiwiko, akafungua mikono: nionyeshe. Maître alielewa mara moja. Alinitazama kwa mbali, akatabasamu kwa aibu kidogo.

"Na mie nilikuwa naona," akaniambia baadaye. "Niliona niko nasema mingi, inafika kidogo."

Ilimbidi ajifunze upya namna ya kusahihisha. Hakuweza tena kumwaga kapu, kwa kuwa mkono hauwezi kuonyesha mambo mengi kwa mara moja. Alisimama kando ya mdogo wangu akaiga kosa lake, kiwiko kikiruka. Kisha akaifanya kinga sawasawa. Kisha akamnyooshea mkono: zamu yako. Kosa moja tu. Hata kama mguu nao ulikuwa umekaa vibaya, mguu ulisubiri siku yake. Wanafunzi wengine walianza kugundua kwamba nao wanasahihishwa kosa moja moja, na ukumbi ukawa na utulivu ambao haukuwapo. Nikiwa kwenye benchi, bila kazi, niliona kwa mara ya kwanza jinsi mdogo wangu anavyotazama mtu anayemfundisha. Anatazama kama anavyotazama gauni la mteja kabla ya kulikata. Macho yanazunguka mara moja, yanarudi, yanatulia.

Kiwiko kilishuka. Mkono ukawa mkono. Kilichobaki ni mwendo.

Alikuwa bado anakimbia. Maître alijaribu kumpigia hesabu kwa kukanyaga sakafu, lakini sakafu ilikuwa ya saruji na haikumfikishia kitu. Alijaribu kuinua mkono kwa kila tendo, lakini mdogo wangu alirudi kumtazama yeye badala ya adui wake. Siku moja Maître aliwaambia wengine wakae. Alimwita katikati ya ukumbi, akafunga mdomo wake kwa kidole, akamwonyesha kwamba hatahesabu, kwamba hakuna mtu wa kufuata. Afanye kata nzima peke yake, kwa mwendo wake.

Alifanya. Alikimbia kuliko siku zote. Maître hakuonyesha hasira. Alimwambia kwa mkono arudie, lakini safari hii alisimama mbele yake na kurudi nyuma kadiri alivyosogea, kiganja kikiwa wazi kifuani. Ngumi ilipotoka, Maître alikifunga kile kiganja polepole sana, kidole baada ya kidole, na hakumruhusu aondoke mpaka kiganja kimefungwa kabisa. Baadhi ya matendo aliyaacha yaende haraka, mawili yakifuatana bila nafasi. Mengine aliyashikilia. Na mdogo wangu alianza kuona kwamba kata haina mwendo mmoja. Kwamba kuna mahali pa kutoka kama umeshtuliwa na mahali pa kukaa mpaka pumzi itimie.

"Ile kusimama nayo ni kazi," Maître akanieleza, ingawa sikuwa nimemwuliza. "Bantu banazani ni kupumzika. Pale njo kata inaonekana."

Nyumbani, alifanya mazoezi kati ya cherehani na ukuta, nafasi isiyozidi kitanda. Mama alikuwa amekataa kuja ukumbini, lakini pazia la jikoni lilianza kubaki wazi jioni. Siku moja nilimkuta amesimama pale na kijiko mkononi, anatazama.

"Juu ya nini anasimama pale katikati?" akaniuliza sababu kwa kunong'ona, kana kwamba mdogo wangu angemsikia.

"Iko napumua, mama."

Mama akasogea karibu na pazia. Kisha akasema, "Minaona. Mabega inapanda, inashuka." Na akaongeza: "Siku za ile homa, nilikuwa naangalia tu mabega. Sikukuwa na kintu kingine ya kuangalia." Alirudi kwenye chungu chake. Hakuzungumza tena juu ya miguu inayovunjika.

Mvua zilipoanza, ilitangazwa kwamba kutakuwa na mtihani wa mikanda, wote wakifanya kata ya kwanza, na mtahini atatoka klabu nyingine mjini. Maître alipanga safu upya. Alimweka mdogo wangu mbele kabisa, mahali ambapo hangeweza kumwona mtu, na akawaambia wengine wafuate mwendo wake. Fundi wa pikipiki alinung'unika.

"Maître, tutafuata namna gani muntu mwenye hasikie hesabu?"

"Kwa macho," Maître akajibu. "Sawa vile yeye alikufuata weye."

Fundi yule aliinamisha kichwa, akacheka kidogo, akajipanga. Katika wiki zile aliujua mwendo wa mdogo wangu kuliko wote, kwa sababu safu ilipogeuka, yeye aliyekuwa nyuma alikuwa mbele, na ilimbidi aubebe mwenyewe.

Mtahini alikuwa mzee mkavu mwenye mkanda mweusi uliochakaa mpaka nyuzi zake nyeupe zikaonekana pembeni. Alitaka kuhesabu mwenyewe, na safu ilifuata sauti yake. Walikuwa katikati ya kata mvua ilipoangukia mabati. Wanaoijua mvua ya Lubumbashi wanajua kwamba haiji kwa matone. Inaanguka tu, na chini ya mabati huwezi kumsikia mtu anayepiga kelele sikioni mwako. Nilimwona mzee akifungua mdomo. Nilimwona akifungua tena, mishipa ya shingo ikimtoka. Safu ilitetereka, mmoja akaenda, mwingine akabaki. Mdogo wangu hakujua kwamba kitu chochote kimebadilika. Alikuwa amesimama kwenye tendo la kukaa, mabega yakipanda na kushuka, na ilipotimia alitoka. Wakamwona. Tendo lililofuata nusu yao walikuwa naye, na lililofuata, wote. Walipogeukia ukuta, fundi wa pikipiki alikuwa mbele peke yake, na nilishika benchi kwa mikono miwili. Alisimama, akapumua, akatoka. Mwendo ulikuwa ule ule. Walimaliza pamoja ndani ya kelele ile, na mzee alikuwa ameacha kuhesabu zamani, mikono nyuma.

Mvua ilipopungua aliwaita mmoja mmoja kuwaambia alichokiona. Zamu ya mdogo wangu ilipofika, alinitafuta kwa macho kule kwenye benchi, akaniita. Nilikwenda kusimama kando yao. Aliniambia kwa mkono mmoja, chini ya kiuno, ili mzee asione: "Yote."

"Mwendo yake ni muzuri," mzee akasema. "Katika miaka yangu mingi nimeona bachache benye banajua kungojea vile. Atapata mukanda. Lakini kata yake haijaisha. Pale pa mwisho, kila muntu anatoa sauti. Yeye alifungua kinywa, hakutoa kintu. Kata bila ile sauti ni sawa barua bila jina. Siku ingine nitataka kuisikia."

Nikatafsiri yote. Sikupunguza kitu. Aliinama kumshukuru mzee, akapokea mkanda wake, na njia nzima ya kurudi nyumbani alitembea mbele yangu, mkanda ukiwa umekunjwa mfukoni.

Mimi nilijua kwa nini. Katika karate kuna sauti kali inayotoka tumboni pamoja na pigo kubwa. Wengine wote waliitoa. Yeye alifungua mdomo tu. Alipokuwa mdogo, hata baada ya homa ile, alikuwa na sauti. Aliitumia kumwita mama kutoka uani, sauti isiyo na umbo, lakini mama aliijua. Kisha watoto wa jirani wakaanza kumwiga. Hakuwasikia, bali aliwaona, midomo yao iliyopindishwa na meno yao. Siku hiyo aliingia ndani, na tangu hapo hakuna aliyemsikia tena. Alicheka bila sauti, alilia bila sauti. Tulizoea. Mtu huzoea.

Maître hakumshurutisha. Jioni moja tu, baada ya mazoezi, aliniomba nimwulize kama anaruhusu, kisha akauchukua mkono wake, akauweka chini ya mbavu zake mwenyewe, akatoa sauti ile. Mdogo wangu aliruka nyuma kama aliyeguswa na umeme, akarudisha mkono haraka akitaka tena. Maître akatoa tena. Akamwonyesha: haitoki hapa kooni, inatoka hapa. Basi. Akamwacha.

Ilikuwa Jumapili mchana tulipokuwa chumbani mwake, mimi nikimsaidia kukunja nguo za wateja. Alifunga mlango. Alichukua kiganja changu akakiweka tumboni mwake, chini ya mbavu, na kwa mkono mwingine akaniambia: "Nitajaribu. Halafu utaniambia ikoje. Usipoze."

Mara ya kwanza ilitoka hewa. Mara ya pili ilitoka kitu kidogo, kama mlango mkavu. Alinitazama, nikamwambia: kama mlango. Alitikisa kichwa, akapanga miguu, akakaa katika pumzi yake kama anavyokaa katikati ya kata, nami nikasubiri pamoja naye, kiganja changu kikipanda na kushuka. Kisha akapiga ngumi, na sauti ikatoka.

Ilikuwa nzito. Sikuwa nimeitegemea. Katika kumbukumbu yangu alikuwa na sauti ya mtoto, na nadhani miaka hiyo yote niliiweka hivyo hivyo, ndogo. Hii ilikuwa sauti ya mwanamke mzima, yenye mikwaruzo, pana, na ilinigonga kifuani.

Uani, kwenye mbabula, jiko la makaa alikokuwa akipika, mama aliitikia.

"Eeh! Niko nakuya!"

Tulisikia, yaani mimi nilisikia, kandambili zake zikikimbia. Mlango ulifunguliwa. Mama alisimama pale na unga kwenye mikono, akanitazama mimi, kisha mdogo wangu aliyekuwa bado na ngumi mbele, kisha mimi tena.

"Nani aliniita?"

Nikamwonyesha mdogo wangu.

Mama hakuelewa kwanza. Nilimweleza, nikasikia maneno yangu yakigongana. Alikaa juu ya nguo za mteja zilizokunjwa, bila kujua amekalia nini.

"Nilisikia sawa mama yangu," akasema. "Njo vile alikuwa naniita, kule kwetu. Njo sauti yake." Akajifuta uso, na unga ukabaki kwenye shavu.

Mdogo wangu alinivuta mkono wa blauzi. Anasema nini? Anasema nini? Nikamwambia. Nikamwambia sauti yake ikoje: nzito, ina mikwaruzo, inatisha kidogo, na kwamba ni ya bibi yetu mzaa mama, ambaye alifariki kabla hajazaliwa yeye. Alifikiri juu ya hilo. Kisha akauliza, kwa uzito wote, kama kutisha ni vizuri.

"Kwa karate, ndiyo," nikamwambia.

Mama alimwomba arudie. Akarudia. Mama akaitikia tena kama mara ya kwanza, "Eeh!", kwa sauti ya msichana anayeitwa kutoka mbali, akacheka huku akilia, akaondoka kwenda kuokoa bukari yake.

Wiki ile aliitoa ukumbini. Hakumwambia mtu. Walikuwa katika kata, yeye mbele, na kwenye pigo la mwisho sauti ile ilitoka na kugonga mabati. Fundi wa pikipiki alikosea mguu. Watu wawili waligeuka, na mimi nilitazama nyuso zao zote, moja baada ya nyingine, kwa woga wa zamani. Hakuna mdomo uliopindishwa. Maître alisimama kidogo. Nilifikiri atampongeza, na ninakiri nilitaka ampongeze. Alimwendea, akasimama kando yake, akaiga jinsi alivyoyaacha macho yaanguke sakafuni baada ya kutoa sauti. Kisha akaonyesha ilivyotakiwa, macho yakibaki juu, kwa adui. Akamnyooshea mkono: zamu yako.

Mdogo wangu alitikisa kichwa kwamba ameelewa. Uso wake ulikuwa unang'aa kama uso wa mtu aliyepewa alichokuja kukitafuta.

Bado anafanya mazoezi kule, na siku za Jumamosi Maître humwachia wanaoanza. Huwafundisha wale wanaosikia, kosa moja moja, kwa viganja na viwiko, na wao huniambia kwamba baada ya muda husahau kuwa hajasema kitu. Mimi sikai tena kwenye benchi. Nasimama safu ya nyuma, kwa nguo aliyonishonea yeye, na hunisahihisha bila huruma. Mama naye, jioni ambazo mdogo wangu anajizoeza nyumbani, hupunguza moto wa mbabula na kusimama uani, mikono kiunoni, anangojea kuitwa.